Maswali ya Kihambani: Dhamiri za Wakristo wa Kilimanjaro katika Maisha ya Kila Siku

Historia ya usharika kwa kawaida huandikwa kwa kufuata majengo. Msomaji huelezwa lini eneo la kanisa lilitolewa, lini nyasi za paa ziliondolewa na bati likaezekwa, lini kengele ilipandishwa mnarani na ni nani aliyeiweka wakfu. Mambo hayo ni ya kumshukuru Mungu, na yamepewa nafasi yake katika kitabu hiki. Lakini ipo historia nyingine isiyokuwa na jiwe la msingi. Ni historia ya maswali ambayo waumini walirudi nayo nyumbani baada ya ibada. Je, mwenye wake wawili akitaka kubatizwa, mmoja wao aende wapi? Je, nyama iliyochinjwa kwa ajili ya mizimu ikiletwa na shemeji, ipokelewe au irudishwe? Je, zamu ya maji ikiangukia Jumapili asubuhi, migomba iachwe ife kwa kiu?

Vitabu vya usharika havijibu. Kitabu cha ubatizo kina jina, tarehe, wazazi na wadhamini. Kitabu cha ndoa kina mashahidi. Mihtasari ya baraza la wazee hutaja kwamba fulani ametengwa na fulani amerudi kundini, mara nyingi kwa mstari mmoja tu. Kilichokuwa kati ya mistari hiyo miwili, yaani usiku ambao mtu alikaa akiwaza, hakikuandikwa. Sura hii yajaribu kuyakumbuka baadhi ya maswali hayo, na hasa kuuliza jambo ambalo sherehe za jubilei hulipita haraka: majibu yalipopatikana, ni nani aliyebeba uzito wake?

Walioachiwa kundi

Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, Mamba mwaka 1894 na Moshi mwaka 1896. Mwaka huo huo wa 1896 Ewald Ovir na Karl Segebrock waliuawa Akeri, Meru, pamoja na Wachagga waliofuatana nao. Ubatizo wa kwanza wa Machame ulifanyika mwaka 1898, na waliobatizwa katika miaka ile ya mwanzo walikuwa zaidi vijana wa shule. Jambo hilo lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Kijana hana mke wa pili. Hana kihamba cha kuwagawia wana, wala hana ng'ombe aliyemweka kwa jirani amlishie. Anaweza kuacha mengi kwa sababu bado hajawa na mengi. Maswali mazito yalikuja baadaye, pale wazazi wa vijana hao nao walipoanza kubisha hodi kanisani.

Kitabu walichofundishiwa kilikuwa Katekisimu Ndogo ya Martin Luther ya mwaka 1529. Luther aliiandika kwa ajili ya baba na mama wa nyumbani katika vijiji vya Ujerumani. Hakujua mgomba wala mfongo. Hata hivyo, katika kuzieleza Amri Kumi alifanya jambo lililowafaa watu wa mlimani. Kwa kila katazo aliongeza wajibu. Kutokuiba, kwa maelezo yake, si kuzuia mkono tu usichukue cha mtu. Ni pia kumsaidia jirani mali yake ihifadhike na kuongezeka. Watu waliozoea kuchimba na kuzibua mifereji kwa pamoja hawakuhitaji kuelezwa mara mbili maana ya hayo.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya Uingereza iliwafukuza wamisionari wa Kijerumani mwaka 1920. Walimu na wazee Waafrika waliachiwa shule, ibada, wagonjwa na ugomvi wa watu. Wamarekani wa Sinodi ya Augustana walikuja kusaidia katika miaka iliyofuata, lakini walikuwa wachache na mlima ni mpana. Mwaka 1940 hali ilijirudia, Wajerumani walipowekwa kizuizini kwa sababu ya Vita vya Pili. Usharika unaotimiza miaka 100 wakati huu ni mtoto wa kipindi hicho. Ulikua chini ya walimu waliokuwa na Biblia, katekisimu na daftari, na ambao mara nyingi walilazimika kutoa uamuzi kabla ya barua yoyote kufika na kurudi. Yafaa hilo likumbukwe kabla ya kuwalaumu kwa ukali au kwa ulegevu wao.

Mke wa pili

Hapana swali lililowatesa wazee wa kanisa kuliko hili. Mtu mwenye wake wawili au watatu amelisikia Neno, amehudhuria mafundisho, anaomba ubatizo. Desturi iliyoenea katika misioni nyingi za Afrika ilimtaka abaki na mke mmoja. Kwenye karatasi sharti hilo ni jepesi kama unyoya. Kihambani lilikuwa na uzito wa nyumba nzima, kwa maana kila mke alikuwa na nyumba yake, migomba yake, na watoto waliomwita baba mtu yule yule.

Ni yupi wa kubaki? Wengine walisema wa kwanza, kwa kuwa ndiye mke wa ndoa ya kwanza. Lakini wa kwanza mara nyingi alikuwa amekwisha lea, watoto wake wakubwa, wakati wa pili alikuwa na mtoto mgongoni. Wengine waliona abaki yule aliyekubali kubatizwa pamoja na mumewe. Na hapo mke aliyekataa ubatizo alipoteza mume, huku aliyekubali akimpata peke yake, jambo ambalo halikuwa ushuhuda mzuri kwa aliyekataa. Na yule aliyeachwa aliporudi kwa kaka zake, je, mahari yarudi? Mbuzi na ng'ombe walikuwa wamekwisha tolewa tena kumwolea kaka huyo mke. Watoto walibaki upande wa baba, kwa kuwa ukoo ni wa baba. Hivyo mwanamke aliyefika na mzigo wa nguo aliweza kuondoka na mzigo huo huo, bila watoto, ili mumewe apate kukaribia Meza ya Bwana.

Wako waume waliotafuta njia ya upole. Walimtambua mke mmoja mbele ya kanisa, na yule mwingine wakamwachia nyumba na migomba yake alee wanawe, bila kuishi naye tena kama mke. Wazee wengine waliikubali njia hiyo. Wengine waliishuku, kwa maana nani angekesha mlangoni usiku? Wako pia waume waliokaa wanafunzi wa ubatizo miaka mingi, wakiketi ibadani kila Jumapili, wakitoa sadaka, wakiwapeleka wana wao kipaimara, na wasibatizwe mpaka walipokuwa kitandani pa mauti. Mtu wa namna hiyo, aliyekataa kumfukuza mama wa watoto wake, alihesabiwa kuwa nje ya kanisa. Ni vigumu leo kusema kwa hakika kwamba dhamiri yake ilikuwa imelala.

Swali hilo halikuwa la Kilimanjaro peke yake. Maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth mwaka 1888 waliamua kwamba mume wa wake wengi asibatizwe hadi aache hali hiyo, lakini wake zake waweza kubatizwa katika mazingira fulani. Iliwachukua miaka 100 kamili, hadi Lambeth ya mwaka 1988, kuruhusu abatizwe pamoja na jamaa yake kwa ahadi kwamba hataoa tena, na kwamba asilazimishwe kuwafukuza wake kwa sababu ya hasara inayowapata. Walutheri wa Liberia walikuwa wamekwisha kulegeza sharti hilo mwaka 1951. Na Luther mwenyewe alijikwaa hapo hapo. Mwaka 1539 yeye na Philipp Melanchthon walimshauri kwa siri mtawala Philipp wa Hesse kwamba, kwa dhiki ya dhamiri yake, angeweza kuoa mke wa pili bila kumwacha wa kwanza. Ndoa ilifungwa mwaka 1540, siri ikafichuka, na aibu ikawa kubwa. Mwanafunzi wa ubatizo wa mlimani hakusimuliwa habari hiyo. Huenda ilikuwa busara. Lakini kuna jambo la kufikirisha: mtawala wa Ulaya alipata ushauri wa faragha wa wanateolojia wakuu wa zama zake, na mkulima wa migomba alipewa sharti.

Chungu, jani na maji

Si maswali yote yaliyokuwa ya ndoa. Mengi yalikuwa ya jirani.

Miongoni mwa Wachagga palikuwa na chungu cha laana. Mtu aliyeibiwa na asimjue mwizi aliweza kumwendea mwenye chungu, kikapigwa na maneno kutamkwa, na laana ikaaminiwa kumfuata mkosaji na ukoo wake hata kama hajulikani. Hofu ya chungu ilirudisha mbuzi wengi waliopotea, na hakuna mzee mwaminifu atakayekana kwamba ilisaidia kulinda mali. Ndipo penye ugumu wa swali. Mkristo aliyeibiwa ng'ombe, ambaye jirani zake wasio Wakristo walikuwa na kinga ya chungu, alibaki na nini? Mahakama ilikuwa mbali, na mbele ya mahakama lazima umtaje mshitakiwa. Zaidi ya hayo, laana haichagui. Huaminika kumpata mtoto mchanga wa mwizi kabla ya kumpata mwizi mwenyewe. Hoja hii ya pili ndiyo iliyowashinda wengi. Waliacha chungu si kwa sababu hawakuamini tena nguvu yake, bali kwa sababu waliiamini, na hawakuweza kumwombea mtoto wa jirani Jumapili na kumlaani Jumatatu.

Kwa upande mwingine lilikuwapo jani la sale. Masale ndiyo mimea inayozunguka kihamba na makaburi ya wazee, na jani lake, isale, ni ishara ya kuomba radhi. Aliyekosa hulitumia jani hilo kwa aliyemkosea, na ni aibu kubwa kwa aliyekosewa kulikataa. Wamisionari wengine walishuku kila kilichohusiana na makaburi. Lakini jani hili Wakristo hawakuliacha, na hapakuwa na sababu ya kuliacha. Sala ya Bwana ilikuwa imekwisha kuwafundisha jambo lile lile kuhusu kusamehe. Ugomvi wa mipaka ya vihamba uliozidi nguvu za baraza la wazee umewahi kumalizwa kwa jani moja lililopelekwa alfajiri.

Bruno Gutmann, aliyefika mlimani mwaka 1902 na kufanya kazi Moshi ya Kale kwa miaka mingi hadi alipoondoka kabisa mwaka 1938, aliyaona mambo haya kwa jicho la pekee. Aliandika sheria na mafunzo ya jadi ya Wachagga katika vitabu vinene kwa Kijerumani, akaamini kwamba Mungu alikuwa amekwisha kuweka vifungo vitatu vya maisha kabla ya mmisionari kufika: ukoo, ujirani na rika. Usharika, kwa maoni yake, haukupaswa kumng'oa mtu kutoka katika vifungo hivyo na kumfanya mmoja mmoja mbele ya mchungaji. Vijana wa kipaimara aliwaweka pamoja wachukuliane na kuonyana, na mambo ya majirani aliyaacha mikononi mwa majirani. Alikuwa na upofu wake. Aliutilia mashaka mji, biashara na ubinafsi wa Ulaya kiasi cha kutotaka kuona kwamba vijana wa Moshi walikuwa wanavitamani baadhi ya vitu hivyo kwa sababu nzuri; na ukoo alioupenda haukuwa mpole sikuzote kwa wanawake waliouzalia watoto. Lakini alijua kuuliza swali kabla ya kulijibu, na hilo halikuwa jambo la kawaida.

Mahali ambapo mafundisho yake yalionekana wazi ni kwenye mfongo. Maji ya mlimani hushuka kwa mifereji iliyochimbwa na mababu, na kila nyumba ina zamu. Kuzibua maji ya mwenzako usiku ni wizi usioacha alama; asubuhi udongo wako una unyevu, wake ni mkavu, na hakuna shahidi. Wazee wa mfongo waliwatoza faini wakosaji, pamoja na waliokwepa kazi ya kusafisha mfereji, na faini hiyo kwa kawaida ilikuwa mbege, au mbuzi kwa kosa kubwa. Hapo Mkristo alikwama pande mbili. Akilipa faini ya mbege, amechangia pombe ambayo huenda ya kwanza yake itamwagwa chini kwa ajili ya mizimu. Asipolipa, amevunja ujirani. Waliopata njia ni wale walioomba wabadilishiwe faini iwe siku za kazi, na wazee wengi wa mfongo, wasio Wakristo, wakakubali bila ubishi. Ilikuwa haki iliyowatosha wote.

Mbege

Kuhusu mbege usharika ulipewa majibu matatu katika muda wa maisha ya mtu mmoja, na kila jibu lilitolewa kwa jina la Injili.

Mbege hutengenezwa kwa ndizi mbivu na ulezi, ikatiwa uchungu wa gome la msesewe. Si kinywaji tu. Bila mbege hapakuwa na posa, hapakuwa na upatanisho wa ukoo, hapakuwa na msaragambo wa kulima. Wajerumani wa Leipzig, waliotoka katika nchi ya bia, hawakufundisha kwamba pombe yenyewe ni dhambi. Walichokataza ni ulevi na tambiko. Wamarekani wa Augustana walitoka katika kanisa lenye mizizi ya uamsho wa Kiswidi, ambako kutokunywa kabisa kulithaminiwa sana. Kisha ukaja uamsho uliokuwa umeanzia Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, na waliookoka waliacha mbege moja kwa moja, wakakataa hata kuishika. Uamsho huo haukuishia kwenye pombe. Watu walirudisha majembe waliyoyaficha, walilipa madeni yaliyosahauliwa na wadai wenyewe, walikiri mbele ya wote mambo ambayo hapo awali hayakusemwa hata kwa mchungaji. Neema yake haipaswi kubezwa. Lakini ulileta pia mgawanyiko kati ya ndugu, kwa maana aliyekataa kibuyu cha posa alionekana amemkataa binti.

Na katika yote hayo, mpishi wa mbege alikuwa mwanamke. Mwanaume aliyeinywa alihesabiwa dhaifu. Mama aliyeipika na kuiuza alihesabiwa mkosaji wa daima, kwa kuwa kosa lake lilikuwa na chungu, moto na wateja, vyote vikionekana. Si siri mlimani kwamba wapo wasomi, wakiwamo watumishi wa kanisa, ambao ada zao za shule zilitoka katika pipa la mbege la mama. Mama huyo aliweza kukosa Meza ya Bwana miaka kadhaa, huku sadaka iliyotokana na mshahara wa mwanawe ikipokelewa kwa shukrani.

Kahawa

Kahawa ilianza kupandwa kwenye misioni ya Kikatoliki ya Kilema, na baada ya mwaka 1919 ikaenea vihambani kwa msukumo wa Mkuu wa Wilaya, Charles Dundas. Mwaka 1925 wakulima walianzisha chama chao, chini ya Joseph Merinyo, aliyekuwa amelelewa katika misioni ya Kilutheri ya Moshi. Mwaka 1933 kikafuatiwa na Chama Kikuu cha Ushirika cha KNCU. Mwaka 1937 palitokea ghasia za wakulima waliopinga kulazimishwa kuuza kupitia mfumo huo. Washarika walikuwa pande zote mbili za ugomvi ule, na Jumapili waliketi benchi moja.

Fedha ya kahawa ilileta maswali mapya haraka. Buni huiva kwa wakati wake, haijui Sabato. Mzani ulileta jaribu la kupeleka kahawa ambayo haijakauka sawasawa, kwa kuwa maji yana uzito na hayana jina. Lakini swali kubwa zaidi lilikuwa la nyumbani. Ndizi zilikuwa za mama. Ndiye aliyezikata, kuzipika na kuzipeleka sokoni. Mti wa kahawa ulikuwa wa baba, ingawa aliyepalilia, aliyebeba samadi kutoka zizini na aliyechuma alikuwa mara nyingi mama na watoto. Msimu wa malipo ulipofika, aliyeandikwa kwenye daftari la chama ndiye aliyepewa fedha. Nyumba zenye amani ziligawana. Katika nyumba nyingine fedha iliishia njiani kabla ya kufika jikoni, na mama aliyeficha debe moja la kahawa na kuliuza pembeni ili anunue chumvi na daftari aliitwa mwizi.

Je, alikuwa mwizi? Katika mizani ya baraza la wazee, ambalo kwa muda mrefu lilikuwa la wanaume watupu, jibu la kawaida lilikuwa ndiyo. Sheria ya nchi ilichukua muda kufika. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iligusa mgawanyo wa mali iliyochumwa kwa pamoja, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika kuchuma mali hiyo. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zilitambua haki ya mwanamke kumiliki ardhi sawa na mwanaume. Wanawake wa usharika walikuwa wakilijua hilo kwa mikono yao miaka mingi kabla ya majaji.

Waliosimama mbele

Nidhamu ya kanisa ilikusudiwa kumrudisha mtu, si kumwangamiza, na yapo mengi mema yaliyotokana nayo. Walevi walirudiwa na akili. Waume waliopiga wake zao waliitwa na kuonywa wakati ambapo hapakuwa na dawati la polisi la kuwasikiliza. Hata hivyo, nidhamu hukamata kinachoonekana. Binti aliyepata mimba kabla ya ndoa alionekana. Aliyempa mimba alikwenda kuimba kwaya. Katika sharika nyingi binti huyo alisimama mbele ya washarika kutubu kabla mtoto wake hajabatizwa, na wapo wazee wanaokumbuka hadi leo jinsi kanisa lilivyokuwa kimya, na jinsi watu walivyotazama sakafu. Mchungaji au mzee aliyethubutu kuuliza jina la baba wa mtoto, akamwita naye asimame, alichukiwa na ukoo mzima. Walikuwapo waliothubutu.

Ugonjwa wa UKIMWI, ambao wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, uliligeuza swali la kinachoonekana. Mwanzoni sharika ziliona mwili uliokonda na kudhani zimeona dhambi. Ndipo wakaanza kufa mama wa nyumbani ambao hawakuwa wamemjua mwanaume mwingine zaidi ya waume zao waliofanya kazi mjini. Wahubiri waliokuwa wakizungumza kwa ukali kwenye makaburi walianza kuchagua maneno. Wajane walikataa kurithiwa na shemeji, na safari hii walikuwa na sababu ambayo ukoo haukuweza kuipuuza. Wachumba waliombwa na baadhi ya sharika kupima kabla ya kutangazwa, jambo lililookoa wengine na kuwaumiza wengine, kwa maana tangazo lililosimamishwa lilisema kile ambacho daktari alikuwa ameapa kukificha. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, wengi waliokuwa wamekwisha kuagwa waliamka na kurudi kulima. Kulikuwa na washarika waliolazimika kuomba radhi kwa watu ambao walikuwa wamekwisha kuwazika kwa maneno.

Baraza la kufunga mwaka

Kihamba kimekuwa kidogo. Kwa desturi mwana wa kwanza na wa mwisho ndio waliotarajia urithi wa ardhi, na wa katikati walitafutiwa mahali pengine. Mahali pengine pamekwisha. Wengi wako Dar es Salaam, Arusha na mbali zaidi, na kile walichobakiza nyumbani ni kaburi la baba, nyumba ya mama na mpaka usio na hati. Binti anauliza sehemu yake kwa sheria ya mwaka 1999. Kaka zake wanamjibu kwa masale yaliyopandwa na babu. Aliyejenga nyumba ya matofali kwa fedha ya mji anadai kwamba gharama ndiyo inayohesabiwa, na aliyebaki kumuuguza mama kwa miaka minane, asiyejenga chochote, hana risiti ya kuonyesha.

Kila Desemba barabara za kupanda mlimani hujaa magari. Ibada ya Krismasi hufurika, nyama hugawanywa kwa utaratibu wa zamani, kidari kikienda kwa mkubwa anayestahili. Na kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, kwa kuwa ndipo ndugu wote wanapokuwa nyumbani, wazee wa kanisa wa mitaa huwa na kazi nyingi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Siku hizi wanawake wamo katika mabaraza hayo. Huketi kwenye viti vya plastiki chini ya migomba, mezani pana chai na Biblia, na mara nyingine hati ya ukoo iliyoandikwa kwa mkono, na husikiliza upande wa kwanza, kisha wa pili, kisha huuliza kama yupo mtu ambaye bado hajasemeshwa. Mara nyingi yupo, amesimama mlangoni mwa jiko.